Namna ya Kuchagua Mashine ya Kukatia Kadi za Picha Nyumbani

Kabla hujatoa fedha kununua kifaa cha kukatia kadi ya pambizo, ni vyema ujue kadi hiyo inafanya kazi gani ndani ya fremu, maana kazi hiyo ndiyo itakayokuongoza dukani. Kadi ya pambizo ni ile kadi nene yenye dirisha katikati, inayoizunguka picha na kuitenga na kioo. Wengi huiona kuwa pambo, na kweli inapendeza: picha ndogo ya mahafali ikizungukwa na pambizo pana jeupe huonekana yenye heshima hata ikitundikwa kwenye ukuta mkubwa wa sebule. Lakini faida yake kubwa haionekani kwa macho. Picha inayogusana na kioo, hasa katika miji yenye unyevu kama Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, hunasa. Unyevu hujikusanya upande wa ndani wa kioo, tabaka la jelatini lililo juu ya karatasi ya picha hulainika, na likikauka linakuwa limeshashikana na kioo. Ukiibandua kwa nguvu, uso wa bibi harusi unabaki kiooni. Picha zilizochapwa kwa printa ya wino nazo hazisalimiki. Kadi yenye unene wa milimita 1.4 hivi, ambao ndio unene wa kawaida, inatosha kuacha nafasi ya hewa kati ya picha na kioo.

Ugumu uko kwenye dirisha lenyewe. Ukingo wake haukatwi wima. Hukatwa kwa mshazari wa nyuzi 45, ili kiini cheupe cha kadi kionekane kama mstari mwembamba kuizunguka picha, na ili ukingo usiitupie picha kivuli. Mshazari huo ukiwa safi hakuna anayeutambua; ukiwa na dosari, kila mgeni atakayeketi mbele yake ataiona dosari kabla hajaiona picha. Ili mkato mmoja utoke sawa, mambo manne lazima yatimie kwa pamoja: mstari unyooke, wembe ubaki kwenye nyuzi zilezile tangu mwanzo hadi mwisho, kina cha mkato kisibadilike, na mkato uishie hasa penye kona. Dirisha moja lina mikato minne, kwa hiyo mambo hayo manne lazima yatimie mara nne mfululizo kwenye kadi ileile. Kosa la mkato wa nne linaharibu kazi ya mikato mitatu iliyotangulia.

Hapo ndipo penye kipimo cha kuchagulia. Usianze na bei, wala sifa zilizoandikwa kwenye boksi. Jiulize kila kifaa kinabeba mangapi kati ya mambo hayo manne, na mangapi yanaachiwa mkono wako. Kwa mtu anayetengeneza fremu nyumbani, kifaa kinachofaa ni kile kinachobeba matatu ya kwanza na kukuachia la nne. Kinachobeba pungufu ya hapo kitakulia kadi nyingi kuliko fedha ulizookoa. Kinachobeba zaidi ya hapo kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekata madirisha kutwa nzima, na wewe si huyo.

Vifaa vilivyopo, na kila kimoja kinabeba nini

Kifaa cha chini kabisa ni rula ya chuma na kisu cha wembe, hasa kile cha wembe wa kuvunjwa vipandevipande ambacho mwanzilishi wa kampuni ya Olfa ya Japani alikibuni mwaka 1956. Hiki ni chombo kizuri sana cha kukatia kadi wima, yaani kuipunguza iingie kwenye fremu, na hata ukinunua mashine usikitupe. Kwa mshazari, hata hivyo, hakibebi lolote kati ya manne. Rula inasaidia mstari kunyooka kama haikuteleza, lakini nyuzi na kina viko mikononi mwako, na hakuna mkono unaoweza kushikilia nyuzi 45 kwa sentimita 25 bila kuyumba. Kama huna njia nyingine, kata dirisha wima. Mkato wa wima ulio safi unapendeza kuliko mshazari uliokatwa kwa kubahatisha.

Juu yake kuna vifaa vya mkononi: kipande cha chuma au plastiki kinachojaa kiganjani, chenye wembe uliofungwa ndani yake ukiwa umelala tayari. Kampuni ya Logan ya Marekani, ambayo jina lake utalikuta karibu kila mahali vifaa hivi vinapouzwa, inatengeneza vya aina hiyo, na si hiyo peke yake. Kifaa cha mkononi kinabeba mawili, nyuzi na kina, kwa kuwa wembe umefungwa kwa skrubu na hauwezi kuzidi pale ulipowekwa. Kinachobaki ni mstari, na mstari hapa unategemea rula ambayo unaibana kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukisukuma. Rula ikisogea hata nusu milimita, dirisha limeharibika. Wapo mafundi wanaokata vizuri sana kwa kifaa cha mkononi, na wanaokitetea husema kwamba ni suala la mazoezi tu. Wanasema kweli, ila mazoezi hayo hufanyika kwenye kadi, na kadi nzuri ni ghali. Anayekata picha mbili tatu kila baada ya miezi kadhaa hapati nafasi ya kuuzoeza mkono. Kila akirudi kazini ni kama anaanza upya. Ukiamua kukichukua, chagua kile kilichotengenezewa rula yake maalumu yenye mfereji ambao kifaa kinapita ndani yake, kisha uibane rula hiyo mezani kwa vibanio vya seremala pande zote mbili. Kwa njia hiyo umekisogeza karibu na daraja la tatu.

Daraja hilo la tatu ni la ubao wenye reli, na ndilo ninalolipendekeza. Kadi hulazwa kifudifudi juu ya ubao, reli ya alumini hushushwa juu yake, na kichwa chenye wembe hujifunga kwenye reli kikapita njia moja tu. Mara nyingi kuna pia kizuizi sambamba na reli, chenye vipimo, ambacho ukikiweka kwenye milimita 50 basi pande zote utakazozipitisha hapo zitakuwa na pambizo la milimita 50 bila kupima upya. Nyuzi, kina na mstari vyote vimebebwa. Kilichobaki kwako ni kuanzia na kuishia mahali panapostahili, na kwa hilo kichwa kina alama ndogo ya kulinganisha na mstari wa penseli. Mfano unaojulikana sana wa daraja hili ni mashine za Logan za jamii ya Compact, zenye uwezo wa kadi ya inchi 32, sawa na sentimita 81.

Juu zaidi kuna mashine zenye vizuizi vya kuanzia na kuishia mkato, ambazo zinabeba hata lile jambo la nne. Humo utakutana na majina kama Keencut wa Uingereza na Fletcher wa Marekani, na juu yao zipo mashine za kompyuta kama za Valiani wa Italia na Gunnar wa Uswisi, ambazo hukata zenyewe kwa kufuata mchoro. Hizo ni mali za karakana. Faida ya vizuizi ni kukata madirisha hamsini yanayofanana bila kuchora mstari hata mmoja, na kwa kazi hiyo vinalipa. Nyumbani, ambako picha hii ni ya 20 kwa 25, ile ni A4 na nyingine ni ya mraba, muda wa kuvirekebisha vizuizi kwa kila dirisha ni mrefu kuliko muda wa kuchora mistari minne. Huna sababu ya kulipia kitu utakachokilegeza na kukikaza upya kila mara.

Urefu wa reli, na kishawishi cha kununua kubwa

Wauzaji hupenda kushauri mnunuzi achukue mashine ndefu kadiri mfuko unavyoruhusu, kwa hoja kwamba ndefu inakata fupi lakini fupi haikati ndefu. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haimalizi jambo. Kadi nzima inayouzwa kwa vipimo vya Marekani ina sentimita 81 kwa 102, na ya Uingereza inakaribiana nayo ikiwa ndefu kidogo. Fremu nyingi za nyumbani ni 20 kwa 30, 30 kwa 40, 40 kwa 50, na kubwa kabisa ambayo mtu wa kawaida huitundika ni 50 kwa 70. Mashine ya sentimita 81 inaigawa kadi ya Marekani kwa upande wake mfupi, na baada ya mkato huo mmoja hakuna fremu katika orodha hiyo inayoishinda. Mashine ya sentimita 100 au 120 inahitaji meza yenye urefu huo, tena iliyo bapa kabisa, na mahali pa kuihifadhi isipinde. Nyingi zina ubao wa chini uliotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa, na ubao huo ukiegemezwa ukutani kwa mshazari kwa mwaka mzima katika nyumba yenye unyevu wa pwani utapinda, na ukipinda kina cha mkato kinabadilika katikati ya safari ya wembe. Hapo mashine yako kubwa imepoteza moja ya mambo matatu uliyoinunulia. Mashine ndogo inayolala bapa chini ya kitanda itabaki salama kwa miaka mingi.

Jambo ambalo wanunuzi husahau kuliuliza ni kama mashine inakuja na vichwa viwili, kimoja cha mshazari na kingine cha mkato wa wima. Zipo zinazouzwa na kichwa cha mshazari peke yake. Hizo si mbaya, lakini utabaki unaipunguza kadi kwa rula na kisu, na kadi isiyo na pembe mraba kamili haiwezi kukupa dirisha la mraba hata mashine iwe nzuri namna gani, kwa sababu kizuizi cha sambamba hupima kutoka kwenye ukingo wa kadi. Kichwa cha wima ni sehemu ya kazi, kwa hiyo kihesabu unapolinganisha bei.

> JARIBU KABLA YA KULIPA
>
> Nenda na vipande vya kadi na penseli iliyochongwa. Ukinunua mashine iliyokwisha kutumika, usiruke jaribio hata moja.
>
> ☐ Unyofu wa reli. Kata vipande viwili virefu wima, vyote vikiwa upande uleule wa reli. Geuza kimoja kama ukurasa wa kitabu ili uso wake ulale chini, kisha zikutanishe kingo zilizokatwa. Kama reli imepinda, utaona mwanya au uvimbe, na kosa litaonekana mara mbili ya ukubwa wake.
>
> ☐ Pembe mraba. Kata kadi ya milimita 300 kwa 400, kisha pima kona kwa kona. Njia zote mbili lazima ziwe milimita 500. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita moja, uliza kama ukingo wa kuegemeza kadi unaweza kurekebishwa.
>
> ☐ Kichwa kisicheze. Kiweke kwenye reli, kishike bila kukandamiza, kisukume kushoto na kulia. Kiteleze vizuri mbele na nyuma, lakini kisiyumbe pembeni.
>
> ☐ Skrubu ya kina. Iwepo, igeuke, na ikikazwa isilegee yenyewe.
>
> ☐ Ubao wa chini. Weka rula ya chuma juu yake kwa ukingo, uangalie kama mwanga unapita chini yake.
>
> ☐ Nyembe. Uliza zinaitwaje, zinauzwa wapi, na kama zipo dukani leo.

Nyembe ndizo zitakazoamua

Swali la mwisho katika orodha hiyo linastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo linalozizima mashine nyingi nzuri. Wembe wa mashine hizi si ule wa kunyolea wala wa kisu cha kawaida. Una umbo, unene na urefu wake, na kila kampuni ina namba zake. Mashine za Logan, kwa mfano, nyingi hutumia wembe namba 270. Wembe mwembamba zaidi ya uliokusudiwa hunepa unapoingia kwenye kadi, na matokeo yake milimita chache za mwanzo wa mkato hujikunja kama ndoano kabla mstari haujanyooka. Wembe butu hufanya hivyohivyo, na zaidi ya hapo hurarua karatasi ya juu badala ya kuikata, ukaacha nyuzinyuzi kwenye kiini cheupe. Kadi nyingi nzuri zimechanganywa na kabonati ya kalisi ya kuzuia tindikali, na hiyo ni aina ya chokaa. Inaula wembe haraka kuliko unavyotarajia.

Kwa sababu hiyo, badilisha wembe baada ya madirisha machache, na uanze na mpya kila unapokata dirisha la picha unayoithamini. Usingoje mpaka mkato uanze kuchanika. Kama wembe wako una ncha mbili, ugeuze kwanza kabla ya kuutupa. Msomaji aliyeko Arusha, Kisumu au Bujumbura, mbali na maduka ya vifaa vya fremu, aagize pakiti kubwa ya nyembe siku ileile anayoagiza mashine, katika mzigo uleule, ili alipie usafirishaji mara moja. Kati ya mashine mbili zinazolingana kwa mengine yote, chukua ile ambayo nyembe zake zinapatikana mjini kwako, hata kama nyingine ina sura nzuri zaidi.

Je, si afadhali kumpelekea fundi?

Pingamizi hili ni la haki na linastahili jibu la haki. Mafundi wa fremu wapo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, wana mkono uliozoea, na bei zao hazitishi. Kama una picha nne au tano za kutundika na baada ya hapo umemaliza, mpelekee fundi. Mashine haitarudisha gharama yake. Mashine inaanza kuwa na maana pale unapokuwa na mtiririko wa picha: wewe ni mpigapicha unayetaka kuuza kazi zako zikiwa ndani ya fremu, au umerithi boksi la picha za familia za rangi nyeusi na nyeupe ambazo hutaki zitoke nyumbani, au unabadilisha picha za ukutani kila mwaka watoto wanapokua. Hata hivyo kuna jambo la kumuuliza fundi wako kabla hujampa kazi, nalo ni aina ya kadi anayotumia. Akikuonyesha kadi ambayo kiini chake kina rangi ya kahawia au manjano, picha ya thamani usimwachie mpaka apate nyingine.

Wengine watasema kwamba madukani kuna kadi zilizokatwa tayari. Zipo, na kwa picha ya kipimo cha kawaida ndani ya fremu ya kipimo cha kawaida hutapata njia rahisi zaidi. Zinashindwa pale picha inapotoka nje ya vipimo hivyo. Picha za studio za zamani, ambazo mara nyingi zilipunguzwa kwa mkasi, hazilingani na dirisha lolote la dukani. Picha ya A4 nayo ina urefu ambao madirisha ya inchi hayautambui. Kuhusu mashine za leza ambazo sasa ziko katika karakana nyingi za matangazo mijini, hizo hukata wima na kuacha ukingo uliobabuka. Hazikupi mshazari mweupe.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kadi ina umuhimu kuliko mashine, kwa hiyo fedha ziende kwenye kadi. Hilo nalikubali kabisa, na ndiyo sababu nimekuelekeza kwenye mashine ya daraja la tatu wala si la nne. Kadi ya bei rahisi hutengenezwa kwa massa ya mbao ambayo hayakuondolewa lignini, yaani kitu cha asili kinachoishikamanisha mbao. Kwa miaka michache lignini hubadilika na kuwa tindikali, kiini hugeuka kahawia, na mstari wa kahawia huhamia kwenye picha pale dirisha linapoigusa. Tafuta kadi ya pamba, au ya massa yaliyosafishwa yasiyo na lignini. Ipo pia kanuni ya kimataifa, ISO 18916, inayopima kama karatasi inaidhuru picha. Ukiikuta imetajwa kwenye kadi, hiyo imejaribiwa kwa ajili ya picha hasa. Fedha utakayoiokoa kwa kuacha vizuizi na reli ndefu ipeleke huko.

Kukata dirisha la kwanza

Tuchukue picha ya inchi 8 kwa 10, yaani milimita 203 kwa 254, inayoingia kwenye fremu ya sentimita 30 kwa 40. Kadi ipunguze hadi milimita 298 kwa 398, kwa kuwa kadi hunyonya unyevu na kutanuka, na ikikosa nafasi ndani ya fremu itavimba katikati. Dirisha liwe milimita 198 kwa 248. Kwa hesabu hiyo pambizo za kushoto na kulia ni milimita 50, za juu na chini ni 75, na kadi inaishika picha kwa milimita mbili na nusu mpaka tatu kila upande. Ukipenda pambizo la chini liwe pana kidogo, kama desturi ya mafundi wengi, weka 70 juu na 80 chini.

1. Kata kadi kwa kichwa cha wima, kisha pima kona kwa kona. Zisipolingana, anza upya hapa kabla hujaendelea.
2. Igeuze kifudifudi. Chora mistari minne nyuma yake kwa penseli nyembamba, ikatane kwenye kona na kupitiliza kidogo.
3. Tandika kipande kirefu cha kadi chakavu chini ya kadi yako. Ncha ya wembe lazima iwe na kitu cha kuingia. Bila hicho, upande wa mbele unachanika.
4. Rekebisha kina mpaka wembe upite kadi nzima na kuchora mkwaruzo mwepesi tu kwenye kipande cha chini. Jaribu kwanza kwenye taka ya kadi ileile.
5. Weka upande wa pambizo chini ya reli na upande wa dirisha nje. Ncha ya wembe ielekee kwenye pambizo. Ikielekea upande wa pili, weupe utajificha nyuma ya kadi.
6. Linganisha alama ya kichwa na mstari wa kuanzia, zamisha wembe polepole mpaka mwisho, kisha pitisha kwa mwendo mmoja usiokatika. Usisimame katikati.
7. Ishia alama inapokutana na mstari wa pili. Inua wembe, zungusha kadi, rudia pande tatu zilizobaki.
8. Inua kadi taratibu. Kipande cha katikati kibaki mezani chenyewe.

Hatua ya sita na ya saba zinahitaji uelewe kwa nini alama ya kichwa haikai sawa na ncha ya wembe. Wembe ukilala kwa nyuzi 45, ncha yake inatokea upande wa mbele ikiwa imesogea kando kwa kiasi kilekile cha unene wa kadi. Katika kadi ya milimita 1.4, dirisha la mbele ni pana kuliko la nyuma kwa milimita 1.4 kila upande, kwa hiyo mkato lazima upite mstari wa penseli kwa kiasi hicho kila mwisho ili kona zikutane mbele. Alama imewekwa kwa kuzingatia hilo. Ukibadilisha na kutumia kadi nene ya milimita tatu, alama hiyo haikufai tena, na utapaswa kujaribu upya kwenye taka. Angalia pia kama kichwa cha mashine yako kinaweza kuikata kadi hiyo. Vingi vimetengenezewa unene wa kawaida tu.

Makosa yanayojirudia

Kipande cha katikati kikigoma kutoka, wengi hukivuta. Usivute. Kona moja haijakatika, na ukivuta utachana karatasi ya mbele pale panapoonekana zaidi. Chukua wembe mtupu, uingize kwenye mkato kwa mshazari uleule, na umalizie milimita iliyobaki. Kama, kinyume chake, mkato umepita kona na mstari mwembamba unaonekana kwenye uso wa kadi, lainisha kwa mgongo wa kijiko juu ya karatasi safi. Mkato uliozidi kwa chini ya milimita moja hupotea karibu wote. Mkato unaoanza kama ndoano unamaanisha wembe butu, au kina kilichozidi kinachoufanya wembe kunepa. Nyuzinyuzi kando ya mshazari zinamaanisha wembe butu, au umesahau kipande cha chini, au kipande hicho kimejaa mikwaruzo ya jana na wembe unaifuata badala ya kufuata njia yake. Kisogeze kidogo baada ya kila dirisha.

Kosa jingine halihusu mashine kabisa: kuibandika picha nyuma ya dirisha kwa gundi ya kunata pande zote nne. Picha nayo hutanuka na kusinyaa, na ikizuiwa itakunjamana. Itundike kwa vipande viwili vya karatasi laini isiyo na tindikali upande wa juu peke yake, kwa gundi ya wanga, ining'inie huru.

Na uwe mwangalifu na mkono. Mkono usiokata ukae juu ya reli, kamwe usiwe mbele ya njia ya wembe. Ondoa wembe kwenye kichwa kabla ya kuihifadhi mashine, na nyembe chakavu zitie kwenye kopo la bati lenye tundu kwenye kifuniko, mbali na watoto, usizitupe wazi kwenye taka ambazo mtu mwingine atazishika.

Kwa hiyo ukiwa na picha za kutosha, nunua ubao wenye reli ya sentimita 80 hivi, wenye vichwa viwili na usio na vizuizi vya kuanzia na kuishia, na katika oda hiyohiyo weka pakiti kubwa ya nyembe na kadi tatu za bei nafuu kwa ajili ya kujifunzia. Kadi nzuri iguse baada ya kukata madirisha matano mfululizo ambayo kona zake zote zimekutana.